Vile Vidude Ulivyovibandika kwa Baba

Chumbageni,
Tanga.
12 Julai 2025

Mpendwa kaka yangu Yussuf,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Zamzam na watoto, na kwamba joto la Maskati mnalivumilia. Huku kwetu kipupwe kimeingia, asubuhi watu wa Tanga wanavaa makoti utadhani wako Lushoto. Mimi sijambo, shemeji yako Miraji hajambo, watoto nao wazima isipokuwa mdogo ana mafua. Mgongo wako vipi? Na Zamzam presha imetulia? Niandikie, usinijibu tu kwamba ni wazima.

Kabla hujafika mbali: baba yu hai, anakula, na hivi ninavyoandika amekaa barazani anapepeta mchele kwa mkono mmoja kwa sababu amekataa nimpepetee. Nakutangulizia hilo maana nakujua. Mengine soma taratibu, ukiwa umekaa.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Kwenye simu mimi na wewe tukianza habari ya baba hatumalizi, mmoja wetu hukata. Na baba mwenyewe amesema hataki habari zake zipite tena hewani. Anayekuletea ni dada yake Miraji, anarudi kazini kwake huko keshokutwa. Amekubebea na achari ya ndimu ya shangazi.

Nianze na ile simu yako ya baada ya Idi Kubwa. Ulimpigia baba ukamuuliza, kwa nia njema najua, mbona jana alikaa msalani muda mrefu, kwani tumbo linamsumbua? Baba akakuuliza nani kakwambia. Ukamjibu, "Suhaila." Mimi, kaka, hata sikuwa na habari. Kutwa ile nilikuwa duka la dawa nahudumia wateja. Aliyekuwa anaangalia nani kaingia msalani na nani katoka ni wewe.

Jioni nilipompelekea samaki aliniuliza, "Weye unanichunga nikienda chooni?" Nikacheka, nikamwambia Yussuf anakutania, baba. Hakucheka. Unamjua baba yako. Mtu aliyetoka Pemba kijana mdogo na magunia ya karafuu ya watu, akajenga nyumba hii. Mama alipougua alimuuguza peke yake mpaka siku ya mwisho, hakukubali tumletee hata mtu wa kufua. Mpaka leo anapika wali wake, anafua kanzu zake kwa mkono, na sisi watoto wake hatuingii chumbani kwake bila hodi.

Sikulaumu peke yako. Ulipokuja Idi ya Mfungo Mosi ukavibandika vile vidude vya kutuarifu kwenye simu akitikisika au akianguka, yeye akiwa msikitini, nilikwambia tumwambie. Ukasema akijua atakataa. Nami nikanyamaza, kwa sababu alishawahi kuteleza ngazini akaficha, tukaja kusikia kwa Badru jirani. Hofu yangu ilikuwa kama yako. Tukamwambia vinapima joto na unyevu wa nyumba, akatikisa kichwa akaendelea na mambo yake. Kumbe tangu ile simu yako alikuwa anavitazama kwa jicho jingine.

Siku chache baadaye, asubuhi, nikiwa dukani, ujumbe ukaingia kwamba nyumbani kwa baba hakuna aliyetikisika tangu mapema. Wewe nawe uliupata, maana ulinipigia papo hapo ukipiga kelele niende. Nikampigia. Inaita, hapokei. Nikamwachia duka Ritha anayenisaidia, nikarukia bodaboda. Njia nzima nilijaribu kukumbuka neno la mwisho nililomwambia baba yangu, nikaona lilikuwa ni habari ya bei ya nazi.

Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Nilipiga hodi, nikaita, nikagonga dirisha. Badru alisikia akaacha useremala wake akaja na mtaimbo. Tukatazamana. Nikamwambia vunja. Kitasa kikang'oka na kipande cha mninga, na watu wa mtaa wameshaanza kusimama njiani.

Baba alikuwa sebuleni kwenye kiti chake, amevaa kanzu na kofia kama mtu anayesubiri wageni. Kitochi chake kilikuwa mapajani, bado kinaita, kwa kuwa wewe ulikuwa unaendelea kupiga. Hakuwa ametikisa hata mguu.

"Karibuni," akasema. "Nani kawaambia nimekufa?"

Badru aliinamisha kichwa. "Shikamoo mzee. Niwie radhi. Mlango nitautengeneza."

"Marahaba. Weye huna kosa. Mlango wangu nitautengeneza mwenyewe."

Badru alipotoka nilimweleza baba yote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hilo ndilo lililonitisha. Kisha akaenda jikoni akaleta kigoda kirefu, akakiweka chini ya kile kidude cha sebuleni, akapanda. Nikanyoosha mikono. "Ukinigusa nitaanguka," akasema. Nikabaki nimesimama na mikono yangu hewani. Akavibandua kimoja kimoja, chumba kwa chumba, anashuka, anapanda, anatia kwenye mfuko wa sokoni. Cha mwisho kilikuwa kile cha ukumbini, mbele ya mlango wa msala. Akanitazama akiwa juu pale pale.

"Vimekwisha?"

Magoti yake yalikuwa yanatetemeka. Nikasema vimekwisha.

Havikuwa vimekwisha. Kile cha bafuni ulikiweka juu kabisa nyuma ya boriti, na rangi yake ni ya chokaa kama ukuta, hakukiona. Nilifikiri anaamini kile cha ukumbini ndicho kilichokupa habari zake. Ningeweza kumwambia. Wewe uliona kwenye simu yako kwamba kimoja bado kinafanya kazi, ukaniandikia, "Safi, umefanya la maana." Sikukujibu.

Tangu siku ile baba alinipokea barazani. Chai ananipa, mazungumzo ananipa, ndani hanikaribishi. Samaki anawapokea mlangoni, anasema ahsante, anaingia nao. Kila nikienda nakuta kanzu nzima inadondosha maji kwenye kamba ya uani, jana moja, leo nyingine. Nikamwambia Miraji mzee sasa amezidi kufua. Miraji akasema mwache, angalau anajishughulisha.

Halafu ikaja ile Ijumaa. Ilikuwa kabla ya adhuhuri, watu wanajitayarisha kwenda msikitini. Ujumbe haukuwa kama ule wa kwanza. Ulisema mtu ameanguka bafuni. Sasa nikwambie kitu ambacho sikukwambia kwenye simu. Nilikuwa nyuma ya kaunta nimeshika chupa ya dawa ya kikohozi, na wazo la kwanza kunijia halikuwa la huruma. Nilidhani amekigundua, na ananitega tena. Nilimwona kabisa kichwani mwangu amekaa na kofia yake, ananisubiri aniulize nani kaniambia. Mteja akasema, "Dada, dawa yangu." Nikampa. Nikamrudishia na chenji yake. Ndipo miguu ikaanza kukimbia.

Mlango haukuwa na kitasa. Kitasa kipya alikinunua, kilikuwa mezani bado kimo ndani ya karatasi, kwa sababu Badru alikuja kukifunga akamfukuza. Alikuwa akiuegemeza mlango kwa kiti. Nikausukuma, kiti kikaanguka kwa kishindo.

"Baba!"

"Nani?" Sauti ilitoka bafuni, ndogo.

"Mimi, Suhaila."

"Usiingie."

Nilisikia bomba linatiririka na maji yanapiga sakafuni. "Umeanguka?"

"Nimekaa."

"Baba, nakutupia shuka ujisitiri, halafu naingia."

"Nimevaa."

Sikumwelewa. "Umevaa? Bafuni?"

Nikasukuma mlango.

Alikuwa chini, kati ya ndoo na ukuta, amevaa kanzu iliyolowa chapachapa. Pindo lake lilikuwa limemzonga miguu. Mkono wa kushoto ulikuwa chini yake, umepinda vile ambavyo mkono haupindi. Nikafunga bomba, nikapiga magoti majini. Midomo ilikuwa inamtetemeka kwa baridi, lakini macho yalikuwa makavu na yalikuwa yananitazama mimi.

"Ulisema vimekwisha."

"Nilikudanganya, baba."

"Kiko wapi?"

Nikamwonyesha. Akainua macho kwenye boriti, akakitazama, akayarudisha kwangu.

"Haya," akasema. "Niinue."

Sikuweza kumuinua peke yangu. Miraji alikuja, na Badru alitoka msikitini na udhu wake, wakambeba mpaka kwenye bajaji. Hospitali wakasema kifundo cha mkono kimevunjika, nyonga imestuka lakini haikuvunjika. Wakamfunga mkono kwa P.O.P., ile plasta ngumu. Daktari aliniambia pembeni kwamba mtu wa umri wake angelala kwenye maji yale mpaka jioni, sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine. Haya unayajua, nilikwambia. Usiyoyajua ndiyo yanayofuata.

Aliporudi nyumbani aliongea na Miraji, aliongea na Badru, aliongea hata na paka wa jirani. Kwangu ilikuwa ahsante ya uji, basi. Ulipokuwa unapiga kila siku nami nakwambia amelala, hakuwa amelala, kaka. Alikuwa amekaa pale pale, ananitazama nikikudanganya.

Shangazi Mwanakhamis alikuja kutoka Pangani na mfuko wake wa nguo, akasema kaka yake hakai tena peke yake, anakwenda naye Pangani. Miraji alikuwa ameshatoa vitu vya watoto chumba cha mbele kule kwetu Mabawa ili ahamie. Wewe ukapiga ukasema atafutwe mtu wa kulala naye humu ndani, utamlipa. Tukabishana sebuleni, shangazi kapandisha sauti, simu iko wazi na wewe umo ndani yake unapandisha yako. Baba katulia katikati yetu na mkono wake shingoni. Mwisho akasema, "Mmemaliza? Basi na mie nimemaliza kuwasikiliza. Sihami." Akaingia chumbani. Wewe ulidhani simu imekatika. Aliikata yeye.

Siku ya pili yake, baada ya alasiri, shangazi yuko sokoni, akaniita. Nilidhani ananifukuza. Akasema, "Lete simu yako. Nionyeshe hicho mnachokiona."

Nikaifungua ile programu. Nikamsomea: bafuni, hakuna mtu. Akaniambia nenda kasimame humo. Nikaenda nikasimama bafuni kama mtoto aliyeadhibiwa, nikarudi. Alikuwa ameishika simu mbali na uso wake, anasoma herufi moja moja.

"Imesema kuna mtu. Na picha?"

"Hakuna picha, baba. Hakina jicho. Kinajua kuna mtu anatikisika, au kaanguka. Basi."

"Hakuna picha?"

"Wallahi hakuna."

Akaiweka simu juu ya mkeka polepole, kama kitu kinachoweza kumwagika. Akaupapasa ule mkono uliofungwa. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mie nilikuwa naoga na kanzu."

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu simu ya Yussuf. Ukaja weye ukasema vimekwisha, sikukuamini. Ningemuuliza nani? Nikasema kama wanangu wananiona, basi wasinione uchi. Nguo ikilowa huwa nzito. Ndiyo iliyonikamata mguu."

Kaka, zile kanzu uani. Nilizipita kila siku nikizikwepa zisinidondoshee maji. Kidude kilichoniita nikamwokoe ndicho kilichomvisha kanzu bafuni. Yote mawili ni kweli, nami nimekaa na barua hii tangu asubuhi sijui nikuandikie lipi kwanza.

Nilimshika miguu nikamwomba radhi. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Akasema, "Nimekusamehe. Lakini usinidanganye tena, hata kama ni kwa kuniokoa." Nikamuahidi. Halafu akanishangaza. Akasema kile cha bafuni kina faida, hawezi kukataa, angekufa pale na bomba linatiririka. Kibaki. Ila habari zije kwangu, na kwa Badru aliye karibu, basi. Kwako zisije.

Nikakutetea, wallahi. Nikasema, "Baba, Yussuf ni mwanao kama mimi, na yuko mbali, roho haimtulii."

"Najua ni mwanangu," akasema. "Miezi yote hii kaniona kila asubuhi nimeamka. Na hajaniamkia."

Sidhani kama wewe unalo jibu la hilo.

Nikamweleza kwamba programu umeisajili wewe, kikiwaka tu habari zinakufikia. Basi akamwita Badru akipandie, akakizima. Amesema ukitaka kiwake, uombe kwake, kwa sababu nyumba ni yake na mwili ni wake. Mimi hakunitaka niombe kwa niaba yako. Nilijaribu.

Kwa hiyo hivi sasa hakuna kitu kinachomwangalia. Anaoga peke yake kwa mkono mmoja, mlango kaurudisha, nami nimemuahidi sitamwita akiwa humo, na shangazi hukaa ukumbini na ungo akijifanya anachagua mawe kwenye mchele. Anajua kwamba baba anajua. Lakini shangazi anarudi kwake mwisho wa mwezi, wajukuu wanamngoja. Mimi nina duka. Baada ya hapo ukumbi utakuwa mtupu.

Shangazi anakusalimu sana, anasema ule uzi wa kufumia uliomletea umekwisha. Miraji anakusalimu. Badru anakusalimu, kitasa ameruhusiwa kukifunga hatimaye, baba akisimamia. Nisalimie Zamzam, nisalimie Ilham na Nassor, waambie babu yao anawaulizia kila siku kama wameanza juzuu mpya.

Nilipoanza kuandika, baba alikuwa barazani. Sasa ameingia kuoga. Shangazi kalala, amechoka, sikutaka kumwamsha, kwa hiyo nimehamia mimi ukumbini na karatasi zangu. Nasikia kata inagonga ndoo. Imenyamaza. Nimeacha kuandika mara mbili hapa nikisikiliza, na kalamu imenitoka mkononi. Nimetaka kuita, nikajizuia. Nimemuahidi.

Imegonga tena. Anajimwagia. Amekohoa.

Ametoka, alhamdulillahi. Amenikuta nimekaa chini na barua, akaniuliza namwandikia nani. Nikamwambia ukweli. Akasema, "Haya," akapita.

Futa ile programu kwenye simu yako leo hii, kaka, kisha umpigie. Usinipigie mimi, mpigie yeye, asubuhi, akitoka alfajiri. Usimuulize habari ya mkono wala ya msala. Mwamkie. Atachelewa kukujibu, namjua, na wewe utataka kujaza ule ukimya kwa maneno. Usijaze. Ngoja mpaka akuitikie marahaba. Halafu muombe.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi huko ugenini, akufungulie njia urudi tukuone kwa macho.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata tunapogombana,

Suhaila Mjaka